Pima Ukanda wa Mto Kabla ya Kugawa, Kuuza au Kujenga

Mwezi wa Februari, ploti iliyo kando ya kijito huvutia sana. Maji yamepungua, kingo zimekauka, na jiwe la mpaka la upande wa chini linaonekana liko mbali na maji. Mnunuzi hukagua, hukubaliana bei, hulipa, na kabla ya Pasaka lori limeshamwaga mawe na mchanga. Kisha mvua ndefu huanza. Kijito kinapanda hadi karibu na msingi, na wiki chache baadaye ukuta mpya una alama ya X ya rangi nyekundu.

Hasara ya namna hii inaweza kuepukika. Kinachohitajika ni utepe wa kupimia, mtu wa kushika ncha ya pili, na kuifahamu kanuni moja ambayo wakazi wengi wameisikia nusunusu: kila mto na kila kijito nchini Kenya kina ukanda wa ardhi pande zote mbili ambao haulimwi wala kujengwa. Makala haya yanaeleza ukanda huo una upana gani, ni mali ya nani, unaweza kutumiwa vipi, na kwa nini unapaswa kupimwa kabla shamba halijagawanywa.

Katika Kaunti ya Murang'a suala hili linagusa karibu kila familia. Mito ya Mathioya, Maragua, Irati, Gikigie, Thika na Chania inaanzia katika safu za Aberdare na kushuka kwenye mabonde yenye miteremko mikali. Kati ya mto mmoja na mwingine kuna vijito vingi visivyo na jina kwenye ramani. Tangu ardhi ilipounganishwa na kupimwa katika miaka ya 1950, mashamba mengi yamekuwa na umbo moja: vipande virefu vinavyoanzia kwenye barabara ya juu mgongoni na kuishia kijitoni. Kwa hivyo mwenye shamba huwa pia jirani wa mto, hata kama hakuwahi kujiita hivyo.

Mita 2, 6, 10 au 30?

Wakazi husikia namba tofauti, na kila anayezitaja huamini yake ndiyo sahihi. Namba hizo zote zina chanzo.

Mita 2 zinatokana na kanuni za kilimo za mwaka 1965. Kanuni hizo zilikataza kulima ndani ya mita 2 za mkondo mdogo, na ikiwa mkondo ni mpana zaidi, ndani ya umbali ulio sawa na upana wake hadi mita 30. Wazee wengi waliolelewa na kanuni hiyo bado huitumia.

Mita 10 zinatokana na kanuni za ugawaji wa ardhi za mwaka 1998, zilizotaka kila mgawanyo wa shamba uache angalau mita 10 kila upande wa mto. Ndiyo maana baadhi ya michoro ya ploti ya miaka hiyo inaonyesha akiba ya mita 10.

Mita 6 hadi 30 ndicho kipimo kilichowekwa katika kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira, na katika kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007. Hiki ndicho kipimo ambacho mkazi anapaswa kuanza nacho. Maana yake ni rahisi: ukanda unalingana na upana wa mto wenyewe, lakini hauwezi kuwa chini ya mita 6 wala kuzidi mita 30.

Kijito chenye upana wa mita 3 kina ukanda wa mita 6 kila upande. Mto wenye upana wa mita 12 una ukanda wa mita 12 kila upande. Mto wenye upana wa mita 40 una ukanda wa mita 30. Afisa wa maji ana mamlaka ya kuamua kipimo tofauti pale ambapo hali ya eneo inadai hivyo. Hakuna kipimo kimoja cha mita 30 kwa kila mkondo, na vilevile hakuna kijito kilicho kidogo kiasi cha kukosa ukanda.

Kwa mabwawa na maziwa, kipimo ni kingine: mita 2 za kupanda kwa kimo au mita 30 za umbali wa kawaida, kipimo kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, kuanzia pale maji yalipowahi kufika juu zaidi.

Pima kuanzia wapi?

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Watu hupima kutoka kwenye maji, na tena wakati wa kiangazi. Kanuni za maji zinasema kipimo kianzie kwenye ukingo wa juu wa mto, yaani pale ambapo ukuta wa mto unaishia na ardhi ya kawaida inaanza. Kanuni za mazingira zinatumia alama ya mafuriko makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa. Mahali ambapo mto hufurika, alama ya mafuriko huwa mbali zaidi na maji kuliko ukingo. Mwenye kutaka kulala bila hofu apime kutoka kwenye alama hiyo.

Alama ya mafuriko si vigumu kuipata. Takataka zilizonasa kwenye matawi, tope lililokaukia kwenye mashina ya miti na kumbukumbu za majirani waliokaa hapo miaka mingi ni ushahidi mzuri wa kuanzia.

Jambo lingine: kanuni hizi hazibagui mito. Mkondo unaokauka kila Agosti na kurudi kila Aprili unahesabiwa sawa na mto unaotiririka mwaka mzima.

Hesabu ya ekari moja

Tuchukue mfano wa shamba la takriban ekari moja lenye upana wa mita 40 na urefu wa mita 100, kutoka barabarani hadi kijitoni. Kijito kina upana wa mita 3, kwa hivyo ukanda ni mita 6. Mita 6 mara mita 40 ni mita 240 za mraba kati ya mita 4,000. Hiyo ni asilimia 6 ya shamba. Familia inaweza kuacha sehemu hiyo na isiyumbe.

Sasa mzazi anagawia watoto wanne. Shamba likikatwa kwa upana, kila mmoja anapata mita 1,000 za mraba. Watatu wa juu hawaguswi na kijito. Aliye chini anabeba ukanda wote: mita 240 kati ya mita zake 1,000, karibu robo ya urithi wake. Tena yeye ndiye aliye mbali na barabara. Kwenye karatasi wote wanne wamepata sawa, lakini shambani hawajapata sawa.

Shamba hilohilo likikatwa kwa urefu, kila mtoto anafika barabarani na kijitoni, na kila mmoja anaacha mita 60 za mraba. Njia ya tatu ni kutenga ukanda kwanza, ubaki wa familia nzima, kisha kugawa mita 3,760 zilizobaki. Kila mmoja anapata mita 940, na hakuna anayelazimika kuchagua kati ya kulisha watoto wake na kutii sheria.

Kwenye ploti za kuuza, hesabu ni kali zaidi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni takriban mita 15 kwa 30. Ikiwa upande wake mfupi unapakana na mto wenye upana wa mita 12, basi mita 12 kati ya zile 30 haziwezi kujengwa. Karibu asilimia 40 ya pesa za mnunuzi zimenunua nyasi na miti. Bado hajaacha nafasi ya upande wa barabara, ya maegesho wala ya choo. Muuzaji hana hasara tena. Mnunuzi ndiye anayebaki na tatizo.

Hii ndiyo sababu ya kusisitiza kwamba ukanda upimwe mapema. Shamba likiwa zima, gharama ya ukanda ni ndogo na inagawanywa na wote. Likishakatwa, gharama yote humwangukia mtu mmoja, na mara nyingi ni yule mwenye uwezo mdogo zaidi.

Hati ni yangu. Je, ukanda ni wa nani?

Katiba, katika Kifungu cha 62, inaweka mito, maziwa na maji mengine katika kundi la ardhi ya umma. Mto wenyewe, basi, si wa mtu binafsi. Lakini ukanda ulio kando yake unaweza kuwa ndani ya hati ya mtu binafsi, na kanuni za maji hazibadilishi umiliki huo. Zinachofanya ni kuweka masharti ya matumizi. Kifungu cha 66 cha Katiba kinairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi kwa sababu zikiwemo mpangilio mzuri wa ardhi na afya ya umma.

Kwa lugha ya kawaida: ukanda ukiwa ndani ya hati yako, unabaki wako. Unaweza kuurithisha na kuuza pamoja na shamba. Hakuna mtu mwingine mwenye ruhusa ya kuja kuulima kwa madai kwamba ni wa serikali. Usichoweza ni kuutumia upendavyo.

Kuna mashamba ambayo hali yake ni tofauti. Wakati wa upimaji au ugawaji, akiba ya mto iliachwa kwenye ramani, na mpaka wa ploti unaishia kabla ya kufika majini. Hapo, kipande kati ya mpaka na mto hakikuwahi kuwa sehemu ya hati. Ndiyo maana haitoshi kusoma namba ya hati. Ni lazima pia kutazama ramani ya usajili.

Yaliyokatazwa na yanayowezekana

Ndani ya ukanda, kanuni za maji zinakataza kulima, kufyeka miti na mimea ya asili, kujenga majengo ya kudumu, kutupa taka za aina yoyote, kuchimba udongo au mawe, na kupanda miti ya kigeni inayodhuru maji. Mkaratusi ndio unaotajwa zaidi katika kundi hilo la mwisho kwa sababu ya kiasi cha maji unachotumia. Mkulima anayetaka mikaratusi kwa nguzo na kuni aipande sehemu ya juu ya shamba.

Hii haina maana kwamba ukanda ni ardhi iliyokufa. Ukiwa umefunikwa na mimea ya kudumu, unaweza kuendelea kumfaa mwenyewe. Nyasi ambazo tayari zimeshika zinaweza kukatwa na kupelekewa ng'ombe zizini, bila kung'oa mizizi na bila kuingiza mifugo ukingoni. Mianzi na miti ya asili iliyozoea mabonde yetu, kama mugumo, muringa na mukoigo, hushika udongo vizuri, na maua ya baadhi yake ni chakula cha nyuki. Mwenye mpango wa kupanda chochote ndani ya ukanda azungumze kwanza na afisa wa maji au wa misitu, ili asije akaambiwa ang'oe.

Zao linaloleta ubishi mkubwa ni nduma. Kwa vizazi vingi nduma zimelimwa pembeni mwa vijito, na kwa familia nyingi zao hilo ni kiamshakinywa na karo. Lakini kulima nduma ukingoni ni kufukua udongo mahali ambapo unahitajika zaidi kutulia. Njia mbadala ipo, na wakulima wengi eneo la kati mwa Kenya wameshaizoea: kuchimba mitaro ya kina kifupi sehemu ya juu ya shamba, kutandika karatasi ya nailoni ili maji yasizame, kujaza udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi, kisha kupanda na kumwagilia. Gharama ya kuanza ipo, lakini nduma haziondoki na mafuriko.

Kuhusu maji yenyewe, mtu anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Anayeweka pampu kumwagilia sukuma wiki au avokado anahitaji kibali kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, inayojulikana na wengi kama WRA.

Ukanda unafanya kazi gani?

Mvua inapopiga shamba lililolimwa kwenye mteremko, maji hushuka kwa kasi yakiwa yamebeba udongo mwekundu, mbolea na dawa. Yakifika kwenye ukanda wenye nyasi nene, kasi hupungua. Udongo hutulia kati ya mashina, maji kiasi huzama ardhini, na mbolea iliyokuwa inakwenda mtoni hutumiwa na mimea. Mizizi ya miti nayo hushikilia ukingo usimeguke. Mahali ambapo ukanda umelimwa hadi majini, ukingo humeguka kidogo kila msimu, na mkulima aliyetaka kuongeza mistari miwili ya mahindi hujikuta akipoteza mitatu.

Udongo unaoondoka haupotei. Unahamia kwa mwingine. Bwawa la Ndakaini katika Kaunti Ndogo ya Gatanga, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, hupokea maji ya mito ya Thika, Githika na Kayuyu, na ndilo tegemeo kubwa la maji ya jiji la Nairobi. Mito yetu mingine huingia Tana na kuelekea bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ambalo ni la kwanza katika mlolongo wa mabwawa ya umeme. Kila tope linalotua katika mabwawa hayo huchukua nafasi ya maji. Lakini kabla ya kufika huko, tope hilo limeshaziba mifereji ya miradi ya maji vijijini na kumwachia mama aliye chini ya mto ndoo ya maji mekundu.

Ukanda pia ni nafasi ya mto kupumua wakati wa mafuriko. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilisababisha vifo vya watu zaidi ya 200 kote nchini, na wengi walioathirika waliishi karibu na mito. Mwaka 2018, majengo ya biashara yenye thamani kubwa jijini Nairobi yalibomolewa kwa sababu yalijengwa kando ya mito, baadhi yakiwa na stakabadhi ambazo wenyewe waliamini zinatosha. Idhini moja haifuti kanuni nyingine.

Hatua za kufuata kabla ya kulipa au kuchimba msingi

Kwanza, fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya usajili wa ardhi na uchukue nakala ya ramani. Angalia kama kuna mto, kijito au akiba yoyote iliyochorwa.

Pili, tembelea ardhi yenyewe, na ikiwezekana uitembelee wakati wa mvua. Uliza majirani maji hufika wapi.

Tatu, pima upana wa mto kutoka ukingo hadi ukingo, kisha pima ukanda kuelekea ndani ya ardhi. Weka vigingi. Hiki ni kipimo chako cha kujua hali, si kipimo rasmi.

Nne, omba kipimo rasmi. WRA ndiyo yenye jukumu la kutambua na kuweka alama za ukanda. Ikiwa kuna mzozo wa mpaka, mpima ardhi aliyesajiliwa pia ahusishwe.

Tano, peleka ombi la idhini kwa Serikali ya Kaunti. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kujenga, kugawa ploti na kubadilisha matumizi ya ardhi vyote vinahitaji idhini ya kaunti. Kuanza bila idhini ni kosa linaloweza kuleta faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Miradi mingine huhitaji pia leseni ya NEMA baada ya tathmini ya athari kwa mazingira.

Sita, kwa anayegawa shamba la familia, mwambie mpima ardhi aonyeshe ukanda kwenye mchoro kabla ya kupeleka ombi kwa bodi ya ardhi. Mstari mmoja kwenye mchoro huo unaweza kuzuia kesi ya ndugu ya miaka 10.

Ukipokea notisi

Mkazi aliyepewa notisi ya utekelezaji na kaunti asiipuuze, na asiharakishe kutoa pesa kwa mtu anayedai anaweza kuizima. Notisi inapaswa kueleza kosa ni lipi na nini kifanyike. Asiyeridhika ana siku 14 tangu alipoipokea kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango na matumizi ya ardhi. Asiporidhika na uamuzi wa kamati, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 hupita haraka. Tarehe ya kupokea notisi iandikwe siku hiyohiyo.

Kwa wale ambao tayari wanalima hadi ukingoni, pa kuanzia ni chama cha watumiaji wa rasilimali za maji cha eneo lao. Vyama hivi vinatambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 na vinaundwa na wakazi wenyewe wa bonde husika. Majirani wanaokubaliana kupima ukanda wa kijito chao kwa siku moja, kila mmoja akimshuhudia mwenzake, hawahitaji kusubiri afisa aje na rangi nyekundu.

Msimu huu kabla mvua haijaanza, shuka hadi mwisho wa shamba lako na utepe mkononi. Hesabu upana wa kijito, rudi hatua zinazohitajika, na uweke kigingi. Mvua ikija, utajua mto unaishia wapi na shamba lako linaanzia wapi.